Kiondo cha Juu

Barua ya kwanza kutoka ofisi ya kodi ya ng'ambo ilinikuta dukani kwangu Makindu nikichapa ratiba ya mazishi. Ilikuja kwa barua pepe, na wakala wetu wa huko, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumwona, alikuwa ameweka tafsiri ya Kiingereza chini yake. Mimi nilikuwa nikingoja namba. Tulikuwa tumeomba namba ya VAT, tukajaza kila mahali palipotaka kujazwa, na kwa akili yangu ukiomba namba unapewa au unanyimwa. Sikujua kuna jibu la tatu, ambalo ni kuulizwa maswali mpaka uchoke kuomba.

Mwenye ratiba aliuona uso wangu akaniuliza kama hata kwetu kuna msiba. Nikamwambia bado.

Mama yangu anakaa Kilungu, juu milimani, na ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo vya mkonge. Miaka yote waliuza kwa dalali mmoja wa Emali. Huyo huja na pikapu yake, huvigeuza vyondo huku na huku kama mtu aliyelazimishwa kupokea mtoto aliyejikojolea, hutaja bei, na bei yake ndiyo bei. Ukimwambia aongeze, anawasha gari. Sasa kaunti ikaleta semina kule mjini Wote, mwalimu wa semina akasema siku za madalali zimepita, mama wa kijijini anaweza kuweka vyondo vyake kwenye ghala Ulaya na mzungu akavinunua kwa simu akiwa amelala kitandani. Mama alirudi kutoka semina hiyo kama aliyeokoka mara ya pili.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwasimamisha wenzake nje ya kanisa akawaomba jambo zito. Wasimuuzie dalali kiondo hata kimoja msimu mzima. Wasuke, waweke pamoja, mzigo utoke kwa jina la kikundi. Mvua ilikuwa imekatika mahindi yakiwa magotini, na kila nyumba ilihitaji kitu cha kuuza wiki hiyo hiyo. Walikubali kwa sababu ni yeye aliyewaomba. Mama mdogo, ndugu yake aliyeolewa Mwingi, naye akaletewa habari na kikundi chake cha huko kikasuka karibu nusu ya mzigo. Wa Mwingi wana mkono mwembamba kuliko wetu, hilo hata mama hukubali akiwa na furaha.

Basi mzigo ulienda. Ulipita bandarini, ukapita forodha ya kule, ukaingia kwenye ghala la watu. Hapo soko la mtandaoni likatwambia haliwezi kuuza kiondo hata kimoja kutoka ghala hilo mpaka kikundi kipate namba ya VAT ya nchi ile. Ghala nalo likasema lina siku zake za kuhifadhi mali isiyouzwa, na zikiisha, mali itaharibiwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Namba ikija, kikundi kina maisha. Isipokuja, dalali wa Emali atarudi na pikapu yake, na mama atatoka nje kumsalimia.

Mimi ndiye ninayejua kompyuta katika familia, kwa hivyo maswali yalikuwa yangu.

Waliuliza kwanza mmiliki wa biashara ni nani. Niliandika kwamba hii ni mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, leo kwa huyu kesho kwa yule, na kwamba vyondo ni vya wote. Niliona nimeeleza vizuri hata mtoto angeelewa. Jibu likaja baada ya wiki kadhaa: kama ni vya wote, tutume pasipoti ya kila mmoja. Nilicheka peke yangu dukani. Katika wanawake wale hakuna hata mmoja aliyewahi kuhitaji pasipoti. Aliyesafiri mbali zaidi alikwenda Mombasa kwa mkutano wa injili. Tukatuma vitambulisho.

Vitambulisho vikazaa swali jipya. Akina mama wa rika la mama hawakuzaliwa hospitalini na hakuna aliyeandika tarehe. Walipokwenda kuchukua vitambulisho zamani, karani aliwatazama, akakadiria mwaka, na kwa siku na mwezi akawaandikia wote sawa, aende zake akale. Sasa ofisi ya kodi ya ng'ambo ilitaka kujua inakuwaje wanachama wengi wa kampuni moja walizaliwa siku moja.

Nilimpigia mama simu.

"Waambie sisi ni mapacha," alisema.

"Mama, hawa watu hawana mzaha."

"Hata mimi sina. Wanauliza siku ya kuzaliwa kwani wanataka kutuletea keki?"

Nikaandika maelezo ya ukurasa mzima juu ya makarani wa zamani. Niliyaandika kwa uangalifu, bila hasira, na nilipoyasoma tena niliona yanafanana na uongo. Ukweli wetu ukiuandika kwa Kiingereza cha ofisi huwa unaonekana kama uongo, sijui kwa nini. Niliutuma hivyo hivyo.

Kisha wakataka uthibitisho wa mahali. Jina la mtaa, namba ya jengo, na bili ya stima au ya maji isiyozidi miezi mitatu. Kwetu Kilungu mtu huelekezwa hivi: toka barabara kuu, panda mpaka kanisani, ukiona shule umepita, rudi kidogo, uliza. Maji ni ya chemchemi na haijawahi kutuandikia bili. Stima ni ya tokeni, unanunua kwa simu, inaisha, unakaa giza. Sanduku la posta ni la shule ya msingi, na shule imelikopesha kanisa na kikundi na nusu ya kijiji. Ofisi iliona kwamba anwani hiyo inatumiwa na watu wengi ikauliza uhusiano wetu na shule ni upi.

Mama alikwenda kwa chifu akaleta barua yenye muhuri, na aliniletea mwenyewe mpaka Makindu kwa sababu hakuamini mtu wa kumtuma. Chifu alikuwa ameandika kwamba anawafahamu akina mama hawa, ni watu wa tabia njema, wanaishi katika eneo lake, wasaidiwe.

"Hii itamaliza maneno," mama alisema, akiilainisha barua juu ya kaunta. "Barua ya chifu inatoa maiti mochari."

Niliiskani na kuituma. Wakala akanijibu siku hiyo hiyo, kwa huruma ambayo ilinikera kuliko ukali, kwamba ofisi haitambui hati ya aina hiyo. Sikumwambia mama. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akinywa soda, mkonge mkononi, vidole vikienda vyenyewe, na aliniuliza mara mbili kama wameshukuru. Nikamwambia wameipokea.

Watu wa pale Makindu wanajua kwamba ukiwa msafiri na una njaa, unaingia kwenye hekalu la Masingasinga, unavua viatu, unafunika kichwa, unakula. Hakuna anayekuuliza jina wala unatoka wapi wala una nani. Nililipita hekalu hilo jioni hiyo nikienda nyumbani, nikawaona madereva wa malori wakitoka wameshiba, nikaona wivu. Nilitamani mahali pa kuingia bila kuulizwa kitu.

Baada ya hapo wakaomba mikataba. Kama nusu ya mali ilitoka kikundi kingine, uko wapi mkataba kati ya mnunuzi na mwuzaji? Hakukuwa na mkataba. Kulikuwa na mama kumpigia ndugu yake simu. Lakini wakala alisema bila karatasi hiyo ombi litakwama, kwa hivyo nikaandika mkataba wenye vipengele na mahali pa sahihi, nikaenda Mwingi.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Nilimkuta mama mdogo akiuza mbuzi wake wawili, kwa sababu ukame wa huko kwao Kitui ulikuwa mbaya kuliko wetu na nyasi zilikuwa zimeisha. Aliacha mbuzi, akanikumbatia, akanipeleka kwenye kibanda cha chai akaagiza mandazi kabla hajaniuliza lililonileta. Nilimpa karatasi. Anasoma Kiswahili vizuri na Kiingereza polepole, nami nilimweleza kila kipengele. Kimoja kilisema kwamba upande wa pili ukikosa kuleta mali unaweza kushtakiwa.

"Upande wa pili ni mimi?"

"Ni maandishi tu, mama mdogo. Ni ya kule."

"Dada yangu amekutuma uje unichukue sahihi?"

"Si yeye. Ni ofisi ya kodi."

"Lakini jina hapa ni lake."

Alitia sahihi. Alikunja karatasi vizuri, akanirudishia, akalipa chai, akasema amewaacha mbuzi na watu asiowajua. Akarudi sokoni. Kwetu mgeni husindikizwa. Hata ukiwa umegombana na mtu, unamtoa mpaka njiani, unasimama naye mpaka apate gari, hapo ndipo mambo yote yaliyokuwa hayajasemwa husemwa. Mama mdogo amenisindikiza tangu nikiwa mtoto. Siku hiyo nilisimama peke yangu kando ya barabara ya Garissa, malori yakinirushia vumbi, na mkataba wangu ukiwa kwenye bahasha safi. Nilijiona mjinga na nilijiona mchafu.

Ofisi iliupokea mkataba. Ikauliza kwa nini tarehe yake ni ya baada ya mali kusafirishwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotumaliza. Hadi hapo nilikuwa bado na tumaini dogo, kwa sababu kila swali lilikuwa na namna yake ya kujibiwa, na mimi ni mkaidi. Siku zilikuwa zinakwenda lakini ghala lilikuwa limetuongezea muda. Halafu ikaja barua fupi kuliko zote. Ofisi ilikuwa imelinganisha ankara yetu na orodha ya ghala. Vyondo vilivyokuwa ghalani vilikuwa vingi kuliko vilivyoandikwa. Tueleze.

Nilihesabu ankara upya. Ilikuwa sawa. Nilihesabu karatasi za forodha, nazo zilifuata ankara. Nikampigia mama, nikamwambia ghala linasema lina vyondo vya ziada, labda wamechanganya na vya mtu mwingine.

"Ni vingapi kwa kila robota?" aliuliza.

"Kimoja kimoja."

"Si basi ni vya juu."

Aliposema hivyo, nilikaa chini. Nilikuwa nimesahau, kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Kwetu hakuna mzigo unaoondoka mkavu. Ukimpimia mtu maharagwe, unajaza kopo mpaka lipite, unapangusa, unamimina, halafu unaongeza konzi moja ya mkono wako. Konzi hiyo haimo kwenye bei. Asiyeongeza hajaiba, lakini watu hawarudi kwake, na wakimtaja hutaja mkono wake. Vyondo navyo ni hivyo. Kila robota likifungwa, juu kabisa huwekwa kiondo kimoja kidogo cha nyongeza, na hicho hakiandikwi popote. Wa Kilungu waliweka. Wa Mwingi waliweka. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu nani huambiwa jambo kama hilo? Hata dalali wa Emali hupewa cha juu. Yeye anayetunyonya hupewa, na huchukua bila asante.

Nilimpigia wakala. Kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake, na alikuwa na mafua. Nilimweleza juu ya maharagwe na konzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni desturi nzuri sana. Halafu akasema kuna njia. Tuandike kwamba vile vya juu ni sampuli zisizo na thamani ya kibiashara. Forodha yao inalijua neno hilo, ofisi ya kodi inalijua, watu wote hulitumia. Alinitumia barua imeshaandikwa, imebaki sahihi ya mwenyekiti tu.

Nilipanda Kilungu nayo. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Kulikuwa na baridi ile ya Julai ya kule, ukungu umelala juu ya miparachichi, na akina mama walikuwa wamekusanyika kwa mama wakisokota nyuzi kwenye mapaja yao. Niliwasomea barua nikiitafsiri. Nilipofika kwenye neno lile, mama aliinua mkono.

"Rudia hapo."

"Sampuli zisizo na thamani."

"Kiondo cha juu hakina thamani?"

"Mama, ni lugha ya kodi. Maana yake si kwamba..."

"Mwaitu, nyamaza kidogo." Huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na huniita hivyo akiwa na upendo au akiwa karibu kukataa. "Kiondo cha juu ndicho kizuri kuliko vyote. Unachagua mkonge mweupe. Unasuka macho yako yakiwa hayajachoka, asubuhi. Hicho ndicho mtu ataona kwanza akifungua. Sasa mimi niweke sahihi kwamba hakina thamani? Na hawa wakae hapa waniangalie?"

Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa amelazwa na ambaye namba ile ingemfaa kuliko mtu yeyote, alikuwa akikiangalia kiganja chake. Nilingoja aseme. Nilitaka mtu yeyote kati yao aseme, wekeni sahihi tuone mbele. Nilimtazama hasa yeye. Alipoinua macho alisema, "Hiyo haiwezi, mwenyekiti. Andika ile ya ukweli."

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya akina mama. Nilisema unyoofu hauliwi. Nilisema wao wanakaa hapa na nyuzi zao na mimi ndiye ninayeamka na hawa watu kila asubuhi. Mama alimwambia mmoja aniletee uji, nami niliunywa kwa sababu baridi ilikuwa kali, na kunywa uji wa mtu uliyemtukana ni adhabu ya kutosha.

Tuliandika ukweli pamoja. Mama alisema, mimi nikaandika. Kwamba vyondo vya juu ni nyongeza. Kwamba havikuuzwa. Kwamba ni vizuri kuliko vile vingine. Kwamba ni kawaida yetu na hatukukusudia kumficha mtu. Nilijua kila sentensi ilikuwa inatuchimbia kaburi. Nikaituma.

Majibu yalikuja kwa mfuatano, na nitakubali kwamba aliyeyaandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu. Alishukuru kwa maelezo. Kama vyondo hivyo ni vizuri kuliko vingine, thamani yake ni ipi? Kwa nini viliingia nchini bila kutajwa forodha? Kama ni zawadi, mtoaji ni nani kati ya wanachama? Na mpokeaji ni nani? Tutoe jina lake, anwani yake, na namba yake ya kodi kama anayo.

Swali la mpokeaji nilimsomea mama kwa simu.

"Hatujui ni nani," alisema.

"Ndiyo, lakini wanataka jina."

"Ni yule atakayefungua mzigo. Yeyote. Tukijua ni nani, hiyo si ya juu, hiyo ni ya kutumwa."

Niliandika hivyo, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutafuta neno lingine. Wakala alinisihi nibadilishe. Alipendekeza niandike jina la mwenye ghala. Nilimwambia mwenye ghala hakusukiwa kitu. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo, mimi niliyetaka sahihi ya uongo wiki chache nyuma. Nadhani nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hata tukisema lipi hawatatupa namba, na kama ni kunyimwa, afadhali tunyimwe tukiwa na uso wetu.

Wakafunga ombi. Barua ilisema maelezo yaliyotolewa hayatoshelezi kumtambua mpokeaji wa bidhaa, na kwamba tunaweza kuomba upya wakati wowote. Neno hilo la wakati wowote nililisoma mara nyingi. Ghala halikuwa na wakati wowote. Tuliuliza gharama ya kuvirudisha nyumbani, na ilikuwa zaidi ya vyondo vyenyewe. Tuliuliza kama vinaweza kupewa shule, au kanisa, au maskini wa huko. Ghala likasema bila namba ya kodi mali haiwezi kugawiwa. Hata kupewa bure, lazima litolewe jina la anayepewa.

Nilimweleza mama kwa simu, kwa ufupi, kama mtu anayetoa habari ya kifo: sikuzunguka. Alisema, "Haya." Nikamwuliza kama yuko sawa. Alisema anapika.

Cheti kilikuja baada ya hapo, na kilikuwa karatasi nzuri kuliko zote tulizopata kutoka kule, yenye muhuri wa rangi na sahihi ya mtu aliyeshuhudia. Kilisema bidhaa zimeharibiwa kwa kufuata sheria ya mazingira. Nilikichapisha kwa karatasi ya duka langu nikapanda nacho Kilungu, kwa sababu nilihisi si habari ya simu.

Pikapu ya dalali ilikuwa imesimama nje kwa mama. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha wageni, miguu imenyooshwa, anakula chungwa. Akina mama walikuwa wamesimama na vyondo vyao vya msimu mpya, vichache, na walikuwa wameshakubali bei. Bei ilikuwa imeshuka. Alisema yeye si mtu wa kinyongo, lakini soko limebadilika tangu tulipomkimbia.

Mama alinivuta kando, karibu na tangi la maji, akanyoosha mkono nimpe karatasi. Hasomi Kiingereza. Aliitazama kama alivyoitazama ile ya chifu, akaupapasa muhuri.

"Inasema nini?"

"Vimeharibiwa."

"Vimechomwa?"

"Haisemi. Imesema tu kuharibiwa."

"Wamevihesabu?"

"Wamevihesabu."

"Na vile vya juu?"

Nilitazama hesabu ya kwenye cheti, ingawa nilikuwa nimeshaitazama nyumbani. Katika karatasi zote za mwaka ule, ankara na forodha na orodha na maelezo, hiyo ndiyo peke yake iliyokuwa na idadi kamili ya kilichotoka mikononi mwao.

"Na vya juu, mama. Vyote viko."

"Basi vilifika," alisema.

Alinirudishia karatasi akajifuta mikono kwenye leso, mikono ambayo haikuwa na maji. Nilitaka alie, ili nami nipate ruhusa.

Tulirudi mbele ya nyumba. Dalali alikuwa amekwisha kupakia, na aliacha mlango wa nyuma wa pikapu wazi, akisubiri, akiendelea na chungwa lake. Akina mama nao walisubiri. Mimi niliona kiondo kidogo kimewekwa juu ya kizingiti cha mlango, cheupe, chenye mstari mmoja mwekundu ukingoni, kazi ya asubuhi. Mama alipita kando yake, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akafunga turubai, akavuta kamba, akapiga fundo.

"Na cha juu, mama?" dalali alisema, akicheka.

"Vya juu viliisha."

Dalali alimtazama, akaona hafanyi mzaha, akatupa maganda, akawasha gari. Kile kiondo kiko jikoni kwa mama hadi leo. Huwekea vitunguu.